Nani Anahesabu Kura za Matuo?

Swali la kama kura ina maana yoyote hurudi kila baada ya miaka mitano. Safari hii limerudi mapema. Nalisikia kwenye matatu, kwenye kibanda cha chapati na madondo, kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchanga pesa za harusi ya mtu. Mara nyingi anayeliuliza ana jibu lake tayari. Anataka tu umwambie, "Ni ukweli, msee, hakuna haja," kisha mwendelee na mambo mengine.

Nataka kulijibu kupitia vitabu, tena vile ambavyo karibu kila mmoja wetu alivisoma akiwa na sare na kalamu ya kupigia mistari. Setibuku za Kiswahili. Tunazichukulia kama mtihani uliopita: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, funga kitabu. Ila kabla hatujapata vitambulisho, kabla hatujaona sanduku la kura kwa macho, ni vitabu hivi vilivyotuambia kura ni nini na hufanya nini. Naamini tumebeba majibu yake hadi barabarani bila kujua.

Tazama mpangilio wenyewe. Kuanzia KCSE ya 2018 hadi ya 2022, watahiniwa walikuwa na riwaya ya Assumpta K. Matei, *Chozi la Heri*, na tamthilia ya Pauline Kea, *Kigogo*. Kuanzia 2023 riwaya ikawa *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Aliyefanya mtihani kati ya 2018 na 2022 alikuwa na miaka kama 19 hadi 24 mwezi Juni 2024. Unajua nini kilitokea Juni 2024. Sisemi kwamba tamthilia ilimtoa mtu nyumbani akaenda CBD kupigwa vitoa machozi. Kilichowatoa watu ni kodi na dharau. Ninachosema ni kwamba kizazi hicho kilikuwa kimesoma vitabu viwili pamoja, na vitabu hivyo vilikuwa vimelijibu swali la kura kwa njia inayofanana kuliko tulivyotambua darasani.

Katika *Chozi la Heri*, watu wa Wahafidhina wanapiga kura. Mwanamke, Mwekevu, anashinda. Wasiotaka kutawaliwa na mwanamke wanakataa matokeo, na nchi inawaka moto. Ridhaa, daktari aliyejenga maisha yake kwa jasho, anaachwa na majivu pale palipokuwa na nyumba na familia, na aliyemfanyia hivyo ni jirani yake. Kutoka hapo tunaingia kambini, tunaona njaa, foleni za msaada, watoto wasio na wazazi. Matei ana huruma kubwa, na sehemu bora za riwaya ni zile zinazokaa na wahasiriwa bila kukimbilia mafunzo. Lakini angalia kura imepewa kazi gani. Kura ni kiberiti. Inawashwa mwanzoni kisha tunatumia kitabu kizima kuhesabu hasara. Mwekevu mwenyewe, aliyechaguliwa kihalali na watu wake, hapewi nafasi kubwa ya kutuonyesha kama ushindi wake ulibadilisha bei ya unga au foleni ya hospitali. Tunabaki na hesabu moja tu: watu walipiga kura, watu wakafa.

Hesabu hiyo haikutoka hewani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na takriban 600,000 wakahama makwao. Tume ya Kriegler ilipochunguza, ilisema kwamba uchaguzi ulikuwa umeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani hasa alishinda urais. Yaani watu walikufa kwa ajili ya nambari ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha. Tuliokulia kwenye kivuli cha mwaka huo tulifundishwa kuogopa uchaguzi. Kila Agosti inapokaribia, watu wanajaza unga na mafuta nyumbani, wengine wanapeleka watoto ushago, maduka yanafungwa mapema. Matei aliandika hofu hiyo vizuri. Ila riwaya inayofundisha hofu bila kufundisha jinsi hesabu inavyolindwa inatuacha nusu ya njia.

*Kigogo* inatufikisha kwingine. Majoka anaitawala Sagamoyo kama shamba lake. Anafunga soko la Chapakazi, anaongeza kodi, anataka sanamu na sherehe za uhuru wakati wafanyabiashara hawana pa kuuzia. Jabali, mpinzani aliyewahi kumtikisa, aliuawa. Tunu na Sudi wanasimama. Mwishoni umati unakusanyika kwenye lango la soko, amri ya kufyatua risasi inatolewa, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuwaua watu. Kigogo anaanguka.

Ninaipenda tamthilia hii. Imeandikwa kwa haraka ya watu wenye jambo la kusema, na Tunu ni mmoja wa wahusika wachache wa setibuku ambaye wanafunzi walimtaja nje ya darasa. Lakini jukwaani hakuna siku ya kupiga kura. Mabadiliko yanakuja kwa miguu, kwa sauti na kwa mwili. Na yanategemea kitu kimoja ambacho mwandishi ana uwezo wa kukiandika nasi hatuna uwezo wa kukiagiza: askari anayesema hapana.

Juni 25, 2024, Sagamoyo ilihamia Nairobi. Soko lilikuwa Bunge, kodi ilikuwa Mswada wa Fedha, kina Tunu walikuwa maelfu, wakijiita wasio na kabila, wasio na chama, wasio na kiongozi. Kingi hakutokea. Risasi zilipigwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu zaidi ya 60 waliouawa katika maandamano ya kipindi hicho. Kesho yake Rais alikataa kuutia mswada ule saini, na Julai 11 akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Kwa hivyo mtu akiniambia barabara haifanyi kazi, nitamwonyesha mswada uliokufa. Barabara ilifanya kwa wiki moja kile ambacho kura ya 2022 haikufanya kwa miaka miwili.

Hapo ndipo wengi wanasimamisha hoja. Kama barabara inatosha, kura ya nini? Mimi naona hapo ndipo hoja inaanza. *Kigogo* inafunga pazia Majoka akianguka. Sisi hatukufungiwa pazia. Wiki chache baada ya Julai 11 tulipata baraza jipya ambamo baadhi ya mawaziri wa zamani walirudi na vigogo wa upinzani wakaongezewa viti. Barabara ina uwezo wa kusimamisha jambo. Kusema nani aketi kwenye kiti kilichobaki wazi ni kazi nyingine, na kazi hiyo tulikuwa tumewaachia watu wengine zamani sana.

Sasa njoo kwa *Nguu za Jadi*, kitabu ambacho kaka na dada zetu wadogo wamekisoma. Momanyi anafanya jambo ambalo wenzake wawili hawakulifanya: anaiamini kura. Nchi ya Matuo iko chini ya Mtemi Lesulia. Wakule wanakula, Waketwa wanasukumwa pembeni. Makazi ya Matango yanateketezwa. Mangwasha, mwanamke mfanyakazi wa ofisi ya chifu, anaziona siri za wakubwa kutoka kwenye meza yake na anaamua kusimama na Lonare. Pombe na hongo zinatumiwa kumvuta mumewe, Mrima. Lonare mwenyewe anatoweka kwa muda uchaguzi ukikaribia. Hila zote hizo zinashindwa, na Lonare anashinda.

Nguvu ya riwaya hii iko kwa Mangwasha. Kwa wenzake, mapinduzi ni hotuba au mkutano mkubwa. Kwake ni kazi ya kila siku: kusikiliza, kupeleka habari, kulinda watu, kumrudisha mume kutoka kwa chupa. Anatuonyesha kwamba uchaguzi unashindwa au unashindikana miezi mingi kabla ya siku yenyewe, pale mtu mmoja anaponunuliwa au anapokataa kununuliwa. Hili ni jambo la kweli ambalo mtaani tunalijua. Bei ya kura ya Mrima ni kinywaji. Bei ya wengi wetu imekuwa noti ya 200, leso au fulana.

Udhaifu wake uko kwenye ushindi wenyewe. Uzito wa riwaya uko kwenye hila na kampeni. Zikishavukwa, haki inakuja kama mvua iliyokuwa imechelewa. Mimi msomaji wa Kenya nabaki na maswali ya kikarani. Nani anahesabu kura za Matuo? Nani analala kituoni kulinda sanduku? Mtemi aliyekuwa tayari kuchoma mtaa mzima, kwa nini akubali nambari? Historia yetu haituruhusu kuruka maswali haya. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea, mchana, kila mtu akiona foleni ipi ni ndefu. Na bado mwenye foleni fupi angetangazwa mshindi. Aliyepata asilimia 70 kwenye mchujo alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata kusiwe na uchaguzi tena. Hakuna kura ya siri iliyoibwa pale. Iliibwa kura ambayo kijiji kizima kiliiona kwa macho. Kwa hivyo kupiga kura peke yake hakujawahi kutosha. Kinachoipa kura maana ni yule anayeihesabu, na kama wewe unaweza kumhesabia yeye pia.

Hapa ndipo mambo yamebadilika, na fasihi yetu haijafika bado. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye kituo ndiyo ya mwisho, hakuna mtu Nairobi mwenye ruhusa ya kuyapika upya. Septemba 1 mwaka huo, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika kupitia kesi mahakamani. Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Watu waliketi na simu zao wakijumlisha kituo kwa kituo. Wengine walikuwa na bando ya shilingi 20 tu. Matokeo yaligombaniwa hadi Mahakama ya Juu, mahakama ikayathibitisha, na wapo wasioridhika hadi leo. Hilo ni haki yao. Lakini kati ya mlolongo wa 1988 na fomu kwenye simu yako kuna umbali ambao watu walilipa kwa jela na kwa damu kuuvuka. Riwaya ya karani mmoja na fomu moja usiku mmoja, hiyo naisubiri. Ingekuwa na mvutano kuliko lango lolote la soko.

Kazi iliyokaribia kweli hiyo kuliko zote si kitabu. Ni filamu ya Sam Soko, *Softie*, ya mwaka 2020, inayomfuata Boniface Mwangi alipowania ubunge wa Starehe mwaka 2017. Mwangi alikuwa mpigapicha aliyeshuhudia ghasia za 2007 na 2008, kisha akawa mwanaharakati. Filamu inamtoa barabarani na kumpeleka mlango kwa mlango. Hapo ushujaa unageuka kuwa kazi ya kuchosha: kuomba, kuchekwa, kuulizwa umetuletea nini, kukataa kutoa pesa kwa watu wenye njaa ya kweli. Nyumbani, mkewe Njeri anabeba gharama ambayo hakuna bango la kampeni linaitaja. Na mwisho wake anashindwa. Kiti kinachukuliwa na mwanamuziki Jaguar.

Naiweka *Softie* juu ya vitabu vile vitatu katika jambo hili kwa sababu haimpi mtazamaji kiberiti, haimpi Kingi, haimpi Lonare. Inampa mtu aliyepoteza na mtaa uliochagua. Inauliza swali gumu kuliko la wizi wa kura: je, ikiwa kura zilihesabiwa sawa na bado tukachagua vile? Ni rahisi kusema kura haina maana kwa sababu inaibwa. Ni vigumu kukubali kwamba mara nyingine ilihesabiwa, na sisi tulikuwa tumelala.

Kuna hoja moja ya wapinzani wa kura ambayo siwezi kuipita mbio. Machi 9, 2018, waliokuwa wamegombana kwenye kura walisalimiana kwenye ngazi za Harambee House, na nchi ikaambiwa iendelee. Mwaka 2024 watu wa ODM wakaingia serikali ambayo walikuwa wameipinga mahakamani miaka miwili kabla. Kama ulipigia serikali, umepata serikali. Kama ulipigia upinzani, umepata serikali pia. Kijana aliyepanga foleni saa kumi alfajiri akiona hivyo, ukimwambia kura yake ni sauti yake, atakucheka, na ana sababu. Kura iliyotolewa kwa mtu mmoja ili afanye biashara nayo kwa jina lako inanuka usaliti.

Lakini hoja hiyo inahusu karatasi moja. Kituoni unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Tunabishana miaka mitano juu ya ile ya kwanza, kisha hizo tano tunazitia alama kwa kufuata rangi ya chama, mstari juu hadi chini, kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Sasa rudi Juni 25. Kabla ya uzio wa Bunge kuvukwa, wabunge 195 walipiga kura ya kuupitisha Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga. Wengi wa wale 195 hawakushuka kutoka Ikulu. Walitoka kwenye ile karatasi tuliyoitia alama haraka. Na mbunge hahitaji nusu ya kura. Wagombea wakiwa wengi, mtu anaweza kwenda Bungeni akiwa amekataliwa na zaidi ya nusu ya waliojitokeza. Kwenye karatasi hiyo, watu mia chache wa mtaa mmoja wakikubaliana ni jeshi. Waliovuka uzio walikuwa wakijaribu kusahihisha kwa miili yao kosa lililofanywa kwa kalamu.

Na ukitaka kujua kura ina thamani gani, angalia mahali ambapo haikuwepo. Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023. Wakati huo tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na haikuwapata hadi Julai 2025. Uchaguzi mdogo ulifanyika Novemba 27, 2025. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu watu wa Banissa hawakuwa na mtu kwenye kiti chao. Siku ile ya 195 kwa 106, Banissa haikuwa upande wowote. Hawakuibiwa kura, hawakununuliwa, hawakusalitiwa na handisheki. Hawakuulizwa tu. Sijasikia mtu akisema walipata uhuru zaidi kwa sababu hiyo.

Wasiopiga kura nchini wamekuwa chama kikubwa kuliko vyama vyote. Mwaka 2022 waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Karibu milioni 8 kati yao hawakujitokeza. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili kwenye urais ilikuwa kura 233,211. Vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017, ilhali idadi ya vijana nchini haikupungua. Tume ilipoenda kusajili watu wapya Oktoba 2021, ililenga milioni 6 ikapata kama milioni 1.5. Watu husema kutojisajili ni ujumbe kwa wakubwa. Nimewatazama wakubwa. Huo ujumbe haujawahi kuwanyima usingizi. Kilichowanyima usingizi ni Juni 2024, na sasa kinachowatia wasiwasi ni uwezekano kwamba watu wa Juni 2024 watafika kituoni.

Ndiyo maana sioni vita kati ya *Kigogo* na *Nguu za Jadi*, kati ya lango la soko na sanduku. Kila kitabu kinashika nusu ya kamba. Tunu anajua kusimamisha uovu siku ya leo. Mangwasha anajua kazi ya miezi mingi ambayo huzuia uovu usirudi na koti jipya. Aliyesoma kimoja tu anaenda vitani na mkono mmoja. Na vyote viwili vinamhitaji mhusika ambaye hakuna mwandishi aliyemwandika vyema bado: wakala wa kituo mwenye koti zito na chupa ya chai, asiyemjua mgombea binafsi, anayekataa kuondoka hadi fomu ibandikwe mlangoni na apige picha.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Wengi wa waliofanya mtihani wa *Nguu za Jadi* mwaka 2023 hawakuwa wamefikisha miaka 18 Agosti 2022. Hii itakuwa kura yao ya kwanza ya urais, na ya karatasi zile tano nyingine. Walipoketi kwenye mtihani waliulizwa kuhusu Lonare na Lesulia, wakapewa alama. Swali la nani anahesabu halikuwa na alama kwenye karatasi hiyo. Lipo wazi, na kituo kilicho karibu nawe kinahitaji mtu wa kukesha nalo.